THOMAS FULLER, MTUMWA ALIYEPIGA HESABU KWA KICHWA

Katika jarida la chama chetu tumezoea kusoma maisha ya viongozi, wanamuziki na wanariadha. Mwaka huu nimeona heri niwaletee mtu ambaye hakuongoza nchi wala hakushinda mbio zozote. Hakujua kusoma, hakujua kuandika, na alikufa akiwa mali ya mtu mwingine. Jina lake ni Thomas Fuller, na watu wa zamani zake walimwita Mpiga Hesabu wa Virginia.

Kwa nini yeye? Nitawaambia. Kila mwalimu wa Hesabu anapotuagiza tuweke vikokotoo chini, darasa zima huguna kana kwamba tumeambiwa tutoke hapa Luanda Kotieno tuogelee hadi Mbita, na feri tunaiona pale imetia nanga. Lakini mtihani wa KCSE wenyewe una maswali yanayomkataza mtahiniwa kutumia kikokotoo. Kwa hivyo kuguna hakutusaidii. Afadhali tujifunze kwa mtu aliyevuka maji hayo bila kikokotoo, bila kalamu na hata bila karatasi.

Fuller alizaliwa mwaka 1710 huko Afrika Magharibi. Sisi wa Afrika Mashariki tukitajiwa utumwa, akili zetu hukimbilia Unguja na lile soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Biashara iliyomnyakua Fuller ilikuwa ya upande wa pili wa bara letu, ile ya kuvuka Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1724 alitiwa merikebuni akapelekwa Virginia, ambayo siku hizo ilikuwa koloni la Waingereza. Alikuwa na miaka 14. Hebu fikiri, huo ulikuwa umri wa mtoto aliyekuwa akiingia Kidato cha Kwanza na sanduku lake jipya. Mimi nina miaka 16, yaani nimemzidi miaka miwili tu, na nikichelewa kufika nyumbani jioni moja mama huanza kuuliza majirani. Mama yake Fuller aliuliza nani?

Huko Virginia aliwekwa shambani karibu na mji wa Alexandria, na katika uzee wake mwenye kummiliki alikuwa mwanamke aitwaye Elizabeth Cox. Maisha yake yote Fuller alifanya kazi ya jembe. Hakupelekwa shule hata siku moja. Sasa swali ni hili: mtu wa namna hiyo alijifunzaje hesabu mpaka mabwana wakasafiri kuja kumtazama?

Yeye mwenyewe alieleza alipokuwa mzee. Alianza kwa kuhesabu hadi kumi. Alipoweza kumi, akaenda hadi mia, na hapo akajiona yeye ni bingwa kweli kweli. Baadaye akamshika ng'ombe mkia, akahesabu nywele zake moja moja, akapata 2,872. Msicheke! Kisha akajifurahisha kwa kuhesabu punje za ngano na mbegu za kitani zinazojaa kipimo kimoja. Kutoka hapo akaingia katika hesabu zenye faida: paa la nyumba ya ukubwa fulani linahitaji vigae vingapi vya mbao, ua wa shamba fulani unahitaji nguzo ngapi na fito ngapi, ekari kadhaa zinahitaji mbegu kiasi gani. Bibi yake alipata manufaa mengi kutokana na kichwa hicho. Watu kadhaa walitaka kumnunua kwa fedha nyingi, naye bibi akakataa kumuuza. Fuller alimshukuru kwa jambo hilo. Mimi niliposoma hapo nilinyamaza kidogo, kwa maana ni ajabu mtu kushukuru kwa kutouzwa.

Kuna wataalamu wawili walioandika juu yake mwaka 1990, miaka 200 tangu afe. Mmoja ni John Fauvel wa Uingereza, na wa pili ni Paulus Gerdes, aliyefundisha hesabu miaka mingi hapa jirani, Msumbiji. Hao walitukumbusha kwamba Fuller hakutoka mahali pasipo na hesabu. Wazungu waliofika pwani ya Afrika Magharibi enzi hizo, kwa mfano huko Fida, ambako leo ni nchi ya Benin, waliandika kwamba wafanyabiashara wa hapo walipiga hesabu kwa kichwa upesi sawa na Mzungu mwenye kalamu na wino. Kijana wa miaka 14 aliyekulia katika upande huo wa Afrika angeweza kabisa kuwa ameondoka na mazoea hayo kichwani. Lakini tusisahau, sehemu ya hesabu zilizopigwa katika pwani hiyo ilikuwa bei ya watu. Hesabu ni kisu. Hukata mkate, na hukata pia kamba au mkono.

Sasa tuje kwenye mtihani wake. Fuller alipokuwa na miaka kama 70 hivi, kichwa kimejaa mvi, walikuja wasafiri kutoka Pennsylvania. Wawili kati yao waliitwa William Hartshorne na Samuel Coates. Walikuwa wamesikia sifa zake wakataka kujionea. Wakaagiza aitwe, wakamtupia maswali matatu.

Swali la kwanza: mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi? Mzee alijibu baada ya kama dakika mbili kwamba ni 47,304,000.

Swali la pili: mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12 ameishi sekunde ngapi? Hapo alitumia dakika moja na nusu tu, akasema 2,210,500,800. Bwana mmoja aliyekuwa akikokotoa kwa kalamu akamwambia amekosea, jibu si kubwa hivyo. Fuller akamjibu papo hapo kwamba yeye bwana ndiye aliyesahau miaka mirefu, ile yenye siku 366. Bwana akaiongeza, na majibu yakalingana. Kumbe mwenye kalamu ndiye aliyekuwa amepotea!

Swali la tatu: mkulima ana nguruwe sita wa kike. Kila mmoja anazaa majike sita kwa mwaka, na wote wanaendelea kuzaa hivyo hivyo kwa miaka minane. Mwishoni atakuwa na majike wangapi? Hili lilimchukua dakika kumi kwa sababu mwanzoni hakulielewa swali vizuri. Jibu lake lilikuwa 34,588,806.

Msomaji wangu, usiniamini bure. Mimi nilikaa chini nikayahakikisha yote matatu. Na hapa ndipo kalkuleta ilinichekesha. Ile ndogo ya dukani, yenye nafasi nane za tarakimu, ukiiuliza swali la pili inaandika herufi E inakaa kimya, kwa kuwa jibu lina tarakimu kumi. Kichwa cha mzee hakikuandika E.

Tazama jinsi swali hilo linavyokuwa jepesi ukilivunja vipande. Siku moja ina sekunde 86,400. Mwaka wa siku 365 una 31,536,000. Ukiwa na namba hiyo moja tu kichwani, swali la kwanza limekwisha: ongeza nusu yake, yaani 15,768,000, unapata 47,304,000. Kwa swali la pili, zidisha kwa 7 halafu kwa 10, unapata 2,207,520,000. Miaka 70 ina miaka mirefu 17, kwa hivyo kuna siku 17 za ziada. Swali nalo lina siku 17. Basi huna haja ya kuzidisha mara mbili: siku 17 ni sekunde 1,468,800, na unaziongeza mara mbili. Malizia na nusu siku, 43,200. Jumla ni ile ile ya mzee.

Nguruwe nao wana siri yao. Kila jike anabaki, na anaongeza sita, kwa hivyo kila mwaka idadi inazidishwa kwa 7, si kwa 6. Hapo ndipo wengi wetu darasani tulianguka. Anza na 6, halafu 42, halafu 294, halafu 2,058, uendelee hivyo hivyo mpaka umezidisha mara nane. Ni hesabu ya darasa la nne inayorudiwa bila kuchoka. Kwa hivyo sikubali wanaosema eti kichwa cha Fuller kilikuwa cha miujiza. Alijua mambo matatu: kuvunja kitu kikubwa kiwe vipande vidogo, kuchagua kipande cha kuanza nacho, na kukishikilia kichwani huku akitafuta kingine. Hayo hufunzwa na mazoezi, na mazoezi yake yalianzia kwenye mkia wa ng'ombe.

Coates, yule mmoja wa wageni, alisikitika mbele yake kwamba mtu mwenye kipaji kama hicho hakupata elimu. Fuller hakusikitika naye. Alimjibu kwamba ni afadhali hakusoma, kwa kuwa wasomi wengi ni wajinga wakubwa. Walimu wangu, tafadhali msikasirike, si mimi niliyesema! Kwa maoni yangu, mzee alisema kweli nusu. Kutokwenda shule si kukosa akili, na ushahidi ninao hapa hapa ufuoni.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Dani, aliacha shule akiwa darasa la pili. Anauza omena. Tuseme mnunuzi anataka gorogoro 27 na kila moja ni shilingi 180. Dani hatafuti karatasi. Anasema kimoyomoyo: 30 ni 5,400, nitoe tatu ambazo ni 540, basi nipe 4,860. Siku moja mnunuzi alibonyeza simu yake, kisha akamhesabia 4,680. Dani hakupaza sauti wala hakugombana. Alimwambia tu arudie. Akarudia, akaona ameisoma vibaya, akaongeza shilingi 180. Hiyo ni bei ya gorogoro nzima. Kama Dani angeiamini ile simu, gorogoro moja ingeondoka bure, na omena hawaji ufuoni kwa miguu yao.

Lakini ile nusu nyingine ya maneno ya Fuller siikubali. Dani mwenyewe ndiye anayenilipia karo. Anasema kichwa chake kinamtosha sokoni, ila barua ya benki lazima ampe mtu amsomee, na anayekusomea anaweza kuruka mstari. Fuller naye aliweza kuhesabu kila nguzo ya ua wa shamba, lakini hakuweza kuandika maisha yake kwa mkono wake. Yote tunayoyajua juu yake yaliandikwa na wengine.

Kabla sijaendelea na habari za mwisho wake, niwape mbinu chache nilizozizoea mwaka huu. Mtu yeyote anaweza kuzijaribu akienda kuchota maji.

Mosi, ukizidisha kwa namba iliyo karibu na kumi kamili, panda hadi hiyo kamili kisha upunguze. Ndiyo njia ya Dani. Kwa mfano 39 mara 6: 40 mara 6 ni 240, toa 6, ni 234.

Pili, kuzidisha kwa 5 ni kugawanya kwa 2 kisha kuzidisha kwa 10. Kwa mfano 86 mara 5: nusu ya 86 ni 43, kwa hivyo ni 430. Vivyo hivyo, kuzidisha kwa 25 ni kugawanya kwa 4 kisha kuzidisha kwa 100. Kwa hivyo 36 mara 25 ni 900.

Tatu, namba inayoishia na 5 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, chukua tarakimu ya mbele uizidishe na ile inayoifuata, halafu bandika 25. Kwa mfano 65 mara 65: 6 mara 7 ni 42, basi jibu ni 4,225.

Nne, jumlisha kutoka kushoto. Daftarini tunaanzia kulia, lakini kichwa kinapenda kikubwa kwanza. Kwa mfano 478 na 356: mia nne na mia tatu ni 700, sabini na hamsini ni 120, sasa ni 820, nane na sita ni 14, jumla 834.

Mwanzoni utakuwa mpole kama kobe. Usijali. Haba na haba hujaza kibaba, na Fuller alihesabu kibaba hicho punje kwa punje.

Turudi Virginia. Habari za mtihani ule zilimfikia Benjamin Rush wa Philadelphia. Huyu alikuwa daktari, na ni mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Mwaka 1788 aliandika barua juu ya Fuller kwa ajili ya chama cha Pennsylvania kilichopigania kukomeshwa kwa utumwa. Siku hizo watetezi wa utumwa walikuwa na kisingizio kwamba Mwafrika hana akili, kwa hivyo kumfanya punda wa mizigo si dhambi. Barua ya Rush ilikuwa kama kumweka mzee mwenye mvi mbele yao na kuwaambia wahesabu naye. Ndani yake kulitajwa pia kwamba Fuller aliwahi, mbele ya mashahidi wawili wa Philadelphia, kuzidisha namba ya tarakimu tisa kwa tisa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1808, padri Mfaransa Henri Grégoire alimtia Fuller katika kitabu chake cha kutetea akili za watu weusi.

Lakini kuna hesabu moja iliyonikera kuliko zote, na si Fuller aliyeipiga. Mwaka 1787 waliotunga Katiba ya Marekani walibishana: majimbo yenye watumwa yatapata wabunge wangapi? Je, watumwa wahesabiwe kama watu? Wakapatana kwamba mtumwa atahesabiwa tatu juu ya tano ya mtu. Watumwa watano wawe sawa na watu huru watatu! Na tena hao watumwa wenyewe hawakuruhusiwa kupiga kura. Hesabu ya kwanza ya watu wa nchi hiyo ilianza Agosti 1790. Virginia ilikutwa na watumwa 292,627. Majina yao hayakuandikwa, iliandikwa idadi tu chini ya jina la mwenye mali. Ukichukua tatu juu ya tano ya idadi hiyo unapata 175,576 nukta mbili. Niliitazama ile nukta mbili kwa muda mrefu. Nukta mbili ya mtu ni nini? Ni mkono? Ni kichwa? Kama ni kichwa, ni kichwa cha nani?

Fuller alikuwa mmojawapo wa hao wasio na majina. Mtu aliyemrekebisha bwana mwenye kalamu kwa sababu ya miaka mirefu, serikali ilimhesabu kuwa hajatimia mmoja. Na naapa kama mngemuuliza mzee yule jibu la 292,627 mara tatu gawanya kwa tano, angewapa kabla hamjakaa vizuri.

Alikufa mwisho wa mwaka huo huo wa 1790, karibu na Alexandria, akiwa na umri wa miaka 80. Tarehe 29 Desemba gazeti moja la Boston lilitangaza kifo chake na kumsifu. Watumwa wengi wa Virginia walizikwa bila hata mstari mmoja gazetini, ila yeye namba zilimfanya akumbukwe. Uhuru hazikumpa. Utumwa katika Marekani nzima ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1865, miaka 75 baada ya yeye kuingia kaburini. Hiyo nayo ni hesabu ya kichwa, na ni rahisi mno kuipiga kuliko kuisubiri.

Wenzangu, tukipewa swali bila kikokotoo tusigune tena. Na tukimwona mama wa ufuoni anayehesabu kwa vidole tusimcheke, maana hatujui kichwani mwake amefika wapi. Tena tukiona takwimu yoyote ya watu, gazetini au katika kitabu cha Historia, tuulize ni nani aliyehesabu, na amemhesabu nani kuwa nusu.

Nawaachia zoezi. Siku nilipotimiza miaka 16 nilikuwa nimeishi sekunde 504,921,600, miaka mirefu minne ikiwemo. Nilitumia dakika sita na vidole vyote vya mkono wa kushoto. Wewe piga umri wako, usishike simu, kisha uje chamani siku ya Alhamisi na jibu lako. Atakayesahau miaka mirefu tutamjua.